Mstari Mwembamba wa Kalamu Nyekundu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza. Nilipewa kiti, kalamu mbili, moja nyeusi na moja nyekundu, na rundo la rejista za shule lililonifika kiunoni, nikaambiwa nihesabu vistari. Hiyo ilikuwa Gitega, miaka ya themanini, katika ofisi ya ukaguzi wa shule za msingi. Mimi nilikuwa binti wa fundi cherehani kutoka mtaa wa Waislamu, na gauni nililovaa asubuhi ile baba alilishona kwa fahari kuliko nguo ya bibi harusi yeyote aliyewahi kupita mlangoni kwake. Hadi saa sita mchana lilikuwa limejaa vumbi la chaki mpaka kifuani.

Ninyi vijana mnafungua simu mnaona jedwali: shule hii ina wanafunzi kadhaa, waliofaulu ni kadhaa. Mnadhani namba hizo zimeota zenyewe. Zinaanzia kwa mwalimu aliyesimama mbele ya darasa, akiita majina. Aliyepo anawekewa kistari, asiyekuwepo anawekewa duara, na mwisho wa mwezi vyote vinajumlishwa. Kutoka kwenye rejista hizo mwalimu mkuu hujaza fishi, yaani karatasi ndefu ya maswali: vyumba vingapi, madawati mangapi, walimu wangapi, wavulana na wasichana wangapi kila darasa, wangapi wanarudia mwaka. Fishi hupanda kutoka shuleni hadi komini, yaani tarafa, kutoka komini hadi mkoani, na wakati ule kutoka mkoani ilikwenda Bujumbura, wizara ilikokuwa. Huko ndiko walikogawa walimu, vitabu na madawati, na waligawa kwa kutazama namba tu. Shule ambayo namba yake ilipotea njiani ilikaa chini sakafuni mwaka mzima.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Mkaguzi, mtu mfupi, mkavu, aliyekunywa chai bila sukari na kutushangaa sisi tuliotia vijiko vitatu. Alinifundisha sheria moja siku ileile. Nilikuwa nimekosea jumla fulani, nikaisugua kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Akaichukua, akaitazama mwangani kupitia lile tundu, akanitazama mimi.

“Namba haifutwi hivi,” alisema. “Unaikata kwa mstari mmoja mwembamba, ili atakayekuja asome ulichokata. Halafu unaandika jina lako pembeni. Kama unaona haya kuandika jina, basi usikate.”

Nilimwona mzee msumbufu. Nilifuata sheria yake kwa sababu nilimwogopa, si kwa sababu nilimwelewa.

Yeye pia ndiye aliyenipa fursa ya kwanza ya kujiona mtu. Ili kujua watoto wangapi wamefika umri wa kuanza shule, ofisi ilichukua makadirio ya komini na kuyalinganisha na vitabu vya ubatizo vya parokia. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba watoto wa mtaa wetu hawamo katika vitabu vya ubatizo na hawatakuwamo kamwe. Alifikiri kidogo, akanipa daftari, akanituma nikawahesabu. Nilipita nyumba kwa nyumba, kwa mafundi, kwa wauza vitambaa, kwa wachoma mishikaki, na kila mama alinikalisha na kunilisha kabla ya kuniambia ana watoto wangapi. Nilirudi na daftari limejaa na tumbo limejaa. Mwaka uliofuata shule ya jirani na mtaa wetu iliongezewa darasa, na baba aliwaambia wateja wake wote kwamba darasa lile nimelijenga mimi.

Naeleza haya ili mjue kwamba nilipohamishiwa Muyinga, miaka michache baadaye, nilikuwa nimeshaanza kuvimba kichwa. Nilipewa cheo cha msimamizi wa takwimu wa mkoa, na safari hii nilipewa meza. Mkuu wa Elimu wa Mkoa alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, na jambo alilolichukia kuliko yote lilikuwa wanafunzi hewa. Hao ni watoto walioandikwa kwenye fishi bila kuwepo shuleni, ili shule ipate madawati ya ziada. Walimu wakuu wengine walikuwa mabingwa wa mchezo huo. Walinakili mstari wa darasa moja mara mbili, wakitumaini kwamba sisi mkoani tunasinzia. Mimi sikusinzia. Kila nilipokamata mstari wa namna hiyo niliukata kwa kalamu nyekundu, nikaweka jina langu, na Mkuu wa Elimu alinisifu mbele ya wenzangu. Nilizipenda sana sifa hizo.

Sasa wakati huo shule nyingi za vijijini zilikuwa zimeanza zamu mbili. Vyumba vilikuwa vichache, watoto wengi, kwa hiyo mwalimu mmoja alifundisha kundi moja asubuhi na kundi jingine alasiri katika chumba kilekile. Kwenye fishi makundi hayo yaliandikwa kila moja kwenye mstari wake. Nililijua hilo vizuri. Darasa la sita A likiwa na arobaini na tatu na B likiwa na thelathini na saba, nilielewa kwamba hizo ni zamu mbili, nikaendelea mbele. Ndipo ikaja fishi ya shule moja ya kilimani katika komini ya Mwakiro. Darasa la sita A, wanafunzi arobaini na mmoja, wavulana ishirini na mbili, wasichana kumi na tisa. Darasa la sita B, wanafunzi arobaini na mmoja, wavulana ishirini na mbili, wasichana kumi na tisa. Chumba kilekile, mwalimu yuleyule.

Nilicheka peke yangu mezani. Nilisema moyoni, huyu hata hakujisumbua kubadilisha namba. Nikakata mstari wa B, nikaandika jina langu pembeni, nikachukua fishi nyingine.

Lazima niwaeleze konkuru, maana wengine mmeshaisahau. Huo ulikuwa mtihani wa taifa wa mwisho wa darasa la sita, na ndio mlango pekee wa kwenda sekondari. Karatasi za mtihani zilikuja kutoka Bujumbura katika bahasha zilizofungwa kwa lakiri, kila shule na bahasha zake, kwa idadi iliyotoka kwenye jedwali letu. Mtoto asiyekuwa kwenye jedwali hakuwa na karatasi, na hakuna aliyempa.

Wiki mbili kabla ya mtihani, mwalimu mkuu wa shule ile ya Mwakiro alifika ofisini Muyinga kwa baiskeli, kuchukua vitambulisho vya watahiniwa wake. Jina lake Melkiori. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi na suruali iliyobanwa vifundoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, isije ikaingia kwenye mnyororo. Alihesabu vitambulisho mezani kwangu, akahesabu tena, kisha akakaa bila kukaribishwa.

“Madamu,” alisema, “B yangu iko wapi?”

Nilitoa fishi kwenye kabati, nikiwa na uhakika, nikamwonyesha mstari mwekundu. Nikamweleza kwa sauti ya ofisi kwamba mistari miwili iliyolingana hivyo ni kunakili. Mwalimu Melkiori hakupandisha sauti. Alinieleza kwamba mwanzo wa mwaka aligundua mwalimu wake anachoka alasiri kuliko asubuhi, na wazazi wanagombania zamu ya asubuhi. Basi aliwapanga watoto wote uani, wavulana kushoto, wasichana kulia, akawagawa mmoja huku mmoja kule, nusu kwa nusu, ili asiwepo wa kulalamika. Mwezi mmoja walisoma asubuhi, mwezi uliofuata wakabadilishana. Namba zililingana kwa sababu alizilinganisha yeye, kwa haki.

Niliutazama tena ule mstari mwekundu. Watoto arobaini na mmoja walikuwa wamesoma miaka sita, wengine saba na kurudia, na mimi niliwaondoa kwenye mtihani huku nikicheka. Jina langu lilikuwa pale, kwa maandishi mazuri ya Gitega. Laiti ningeisugua namba ile kama siku ya kwanza, ningeweza kusema sijui nani alifanya. Siwadanganyi, wazo hilo lilinipita.

Nilimpeleka Mwalimu Melkiori kwa Mkuu wa Elimu, nikasema kosa ni langu. Mkuu wa Elimu alisoma fishi muda mrefu. Alisema bahasha zimeshafungwa, lakini zipo za akiba Bujumbura, na akiziomba kwa redio ya ofisi zinaweza kuja pamoja na zile nyingine. Hata hivyo hataziomba kwa neno langu, wala kwa neno la mwalimu mkuu.

“Ulikata kwa kalamu,” aliniambia. “Hutarudisha kwa mdomo. Nenda ukawaone, mmoja mmoja. Utakachokiona ndicho nitakachoomba.”

Gari la ofisi lilikuwa limeharibika, kama kawaida yake. Kwa hiyo msimamizi wa takwimu wa mkoa alikwenda Mwakiro amekalia keria ya baiskeli ya Mwalimu Melkiori, miguu upande mmoja, mkoba wa rejista na ile fishi mapajani. Kwenye miteremko nilisoma dua zote alizonifundisha mama, na kwenye kila mpando tulishuka tukatembea. Hatukuzungumza sana njiani. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki.

Asubuhi iliyofuata zamu zote mbili ziliitwa pamoja. Watoto wenyewe walishangaa, maana kwa mwaka mzima hawakuwahi kukaa mahali pamoja, makundi yalikutana njiani tu, moja likienda na jingine likirudi nyumbani. Nusu walikaa darasani, nusu kwenye majani. Nilimwita kila mmoja kwa jina kutoka kwenye rejista, akasimama, nikamtazama usoni, nikaweka alama. Nilipomaliza nilikuwa na themanini na mmoja.

Aliyekosekana aliitwa Goreti, wa zamu ya B. Wenzake walisema amefuatana na mama yake Kobero, mpakani, kubeba mizigo ya wafanyabiashara, na hawakujua atarudi lini. Mwalimu Melkiori alinisogezea kalamu.

“Andika tu, madamu. Mi namujua uyu mutoto tangu mwaka wa kwanza.”

Nilimjibu kwamba nimetumwa kuandika nilichokiona. Hapo ndipo hasira yake ilipotoka.

“Ulifuta batoto makumi ine na moja bila kubaona,” alisema. “Leo unashindwa kuandika moja bila kumuona?”

Nilimwambia tu kwamba hesabu niliyofanya bila kutazama imeshatuleta hapa, na sitafanya nyingine. Aligeuka akaenda kuwaaga watoto. Mimi nikashuka hadi barabara ya mpakani, nikaomba lifti kwenye lori la chumvi.

Kobero ilikuwa kelele tupu. Malori yamepanga foleni, wabadilisha fedha wakinishika mkono, wapagazi wakipita na magunia wakiwatukana walio njiani. Niliuliza kwa jina la mama wa Goreti, na kila niliyemwuliza aliniangalia mkoba, akanyamaza. Nilichelewa kung'amua kwamba wamenidhania mtu wa forodha. Niliufungua mkoba hadharani, nikatoa rejista, nikatangaza kwamba mimi nahesabu watoto wa shule, sihesabu maharage. Wapagazi walicheka, na mmoja akanionyesha kwa kidevu nyuma ya kibanda.

Mama alikuwa amesimama mbele ya furushi lake kama anayelilinda. Goreti alikuwa pembeni, msichana mwembamba, kitambaa cha kubebea mzigo bado kimezungushwa kichwani. Nilieleza yote tangu mwanzo, pamoja na kosa langu. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

“Kutoka Muyinga unakuja kuhesabu moja?” aliuliza.

“Mmoja tu,” nilisema.

Alimtazama binti yake, kisha akanitazama mimi, na akaondoka mbele ya furushi. Nilimpa Goreti kalamu, nikamwomba aandike jina lake nyuma ya fishi, na jina la mwalimu wake, ili pasiwe na shaka. Aliandika taratibu, akibonyeza mno, herufi zake zikatokeza upande wa pili wa karatasi. Mama aliahidi kumrudisha Mwakiro kabla ya mtihani. Nami nikaandika themanini na wawili.

Mkuu wa Elimu aliposoma fishi aliigeuza, akaliona lile jina, akaiweka mezani. Aliniambia nirudishe namba kwa kalamu nyeusi, juu ya mstari mwekundu, niweke jina langu mara ya pili. Kisha akaenda kwenye redio. Hakunikaripia kamwe kwa jambo lile, ingawa hakunisifu tena kwa miezi mingi. Bahasha zilifika. Siku ya konkuru nilisimama mlangoni mwa shule ile ya kilimani, nikahesabu watoto wakiingia, na Goreti alikaa dawati la mwisho karibu na dirisha.

Jedwali la matokeo lilipokuja, nililisoma nimesimama. Katika shule ile walifaulu watatu kwenda sekondari. Wawili kati yao walitoka kwenye mstari nilioukata. Goreti hakuwamo. Nilifurahi na niliumia kwa pamoja, na sikuona haja ya kuchagua.

Tangu hapo sikukata mstari wa shule ambayo sijakanyaga. Vijana wa ofisi walinicheka kwa viatu vyangu, maana vilikwisha soli kila mwaka, lakini mkoa wa Muyinga ulijulikana Bujumbura kwa namba zisizorudishwa kwa maswali, na hilo nalisema bila haya. Baba hakuwahi katika maisha yake kumwuliza mteja kipimo chake. Alichukua utepe, akampima. Miaka ya vita, walimu walipoficha rejista kwenye maghala ya mahindi na shule nyingine hazikuwa na paa, tuliendelea hivyohivyo: unafika, unaita majina, unatazama nyuso. Ilikuwa kazi ngumu, na kuna majina niliyoyaita ambayo hayakuitikiwa. Niliyawekea duara kama nilivyofundishwa.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipita Kobero nikielekea kukagua shule za huko. Mwanamke mnene, mwenye duka la vitenge na wasaidizi wawili, alitoka nje akanizuia njiani kwa mikono miwili. Mimi sikumtambua. Yeye alinitambua kwa mkoba: alikuwa Goreti. Alinikalisha, akaniletea soda, akanionyesha picha za watoto wake walioko shule, na mimi, mjinga wa uzeeni, nikaanza kumwomba radhi kwamba karatasi yake ilikaribia kupotea, na kwamba baada ya tabu yote ile hakufaulu. Alinikatiza.

“Mi nilifeli mwenyewe, mama,” alisema. “Hakuna mutu alifeli pahali pangu. Iyo inanitosha.”

Nilistaafu nikarudi Gitega, kwenye nyumba ya baba. Halafu mji wetu ukafanywa makao makuu ya siasa, wizara zikaanza kuhamia, na hivyo takwimu zikanifuata hadi mlangoni. Siku hizi jirani yangu ni msichana aitwaye Divine, mtaalamu wa takwimu za shule, anayenisalimia kwa heshima na kunionea huruma kidogo kwa mambo ya karatasi. Wiki iliyopita alikuja na kompyuta yake, tukanywa chai. Alikuwa na shule moja ya Mwakiro inayomkera: makundi mawili, wavulana sawasawa, wasichana sawasawa, mwalimu mmoja. Alisema mashine yenyewe imeweka alama nyekundu, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Nilimwuliza, ukikata hapo, kilichokatwa kinasomeka wapi. Akasema hakisomeki, namba mpya inakaa mahali pa ile ya zamani. Nikamwuliza, na jina la aliyekata linaandikwa wapi. Alifikiri, akasema haliandikwi.

Nilinyanyuka, nikafungua sanduku. Ofisi ya Muyinga ilipokuwa inasafisha makabati, niliomba karatasi moja tu, nikapewa. Niliiweka mezani mbele yake: mstari mwekundu mwembamba, arobaini na mmoja bado inasomeka chini yake, jina langu mara mbili. Alipoigeuza alipitisha kidole juu ya zile herufi zilizobonyezwa, nikamsimulia aliyeziandika ni nani, na alichoniambia dukani kwake.

Divine akafunga kompyuta bila kugusa kitufe. Akaniuliza pikipiki kutoka Muyinga hadi Mwakiro ni kiasi gani siku hizi. Nikamwambia sijui, mimi nilikwenda kwa baiskeli.